Mafuta ya Ishirini: Miezi Minane Baina ya Makina na Kawangware



Mwezi uliopita, nilipokuwa nikitoka msikitini baada ya Swala ya Alasiri, bibi mmoja wa mtaani kwetu hapa Mombasa alinisimamisha. Alinitazama kuanzia kofia hadi makubadhi, kisha akaniuliza, “Maalim, mbona umepunguka hivi? Ni maradhi, au ni mke wa pili?” Nikamwambia si hili wala si lile, ni Kibera. Akacheka akidhani namfanyia mzaha, akaenda zake. Nami kwa kuwa najua si yeye peke yake aliyejiuliza, na kwamba wengine walikuwa wakiulizana pembeni bila ya kunijia, nimeona heri niisimulie safari yenyewe katika ukurasa huu, ili akina mama wa nyumbani, ambao ndio wenye funguo za jikoni, wapate lao ndani yake.

Nilikwenda Nairobi nikiwa na umri wa miaka 53 na uzito wa kilo 104. Sisi tunaoitwa mashekhe tuna mtihani wetu: hatukosi mwaliko. Leo hitima, kesho akika, keshokutwa arusi, na Alhamisi usiku maulidi. Na katika kila sinia mgeni huyu hugeuziwa upande wenye nyama nono. Kukataa ni kumvunja moyo mwenye nyumba. Basi nilikula kwa heshima za watu kwa muda wa miaka thelathini, na heshima hizo zote zikakusanyika mbele yangu chini ya kanzu. Watu wakisema nimeneemeka, nami nikicheka.

Kicheko kilikoma pale magoti yalipoanza kugoma. Nikawa katika rakaa ya tatu ya Isha nainuka kwa kuushika mkeka kwa mikono miwili, kama mtu anayejivuta kutoka shimoni, na maamuma nyuma yangu wakingojea. Baadaye nikamwachia kijana mmoja asalishe, nami nikaomba kiti, nikawekwa mwisho wa safu. Sina neno na mgonjwa anayeswali juu ya kiti, kwani dini imempa ruhusa. Lakini mimi nilijua kiti changu kimetokana na nini. Daktari aliniambia sukari yangu imefika mpakani. Na mwaka huo huo, mwenzangu tuliyekuwa tukisoma naye madrasa tukigawana juzuu moja alikatwa mguu kwa maradhi ya kisukari.

Mwaliko wa Nairobi ulinikuta katika hali hiyo. Niliombwa nifundishe madrasa Makina kwa miezi minane, na kila Jumapili niwasomeshe darsa akina mama wa Kawangware. Makazi yangu yalikuwa kwa dada yangu wa tumbo moja, aliyeolewa na Mnubi.

Wasomaji wengi wa pwani wanaijua Kibera kwa habari za redioni tu, kwa hiyo na niseme machache. Makina ni moyo wa Wanubi. Wazee wao walikuwa askari wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne ya ishirini wakapewa mahali pa kukaa msituni, nje ya mji wa Nairobi uliokuwa bado mchanga. Msitu kwa Kinubi ni kibra, na jina la mtaa limetoka hapo. Wakaishi zaidi ya miaka mia bila ya hati, mpaka mwaka 2017 jamii yao ilipokabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Kuizunguka Makina kuna vijiji vya watu wa kila kabila: Lindi, Laini Saba, Kisumu Ndogo, Gatwekera, Silanga; na reli ya kwenda Kisumu inakata katikati, wachuuzi wakipanga bidhaa zao kandokando yake. Kwa shemeji yangu adhana ilisikika kutoka pande zaidi ya moja, na siku za furaha mama mkwe wa dada yangu alioka gurusa, mkate wao mwembamba, akauleta juu ya tabaga, kile kitanga cha kusuka chenye rangi nyingi. Nilijiona niko kwetu, isipokuwa baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huko humwingia mtu mpaka mifupani, akatamani chai kila saa.

Jioni ya pili dada aliniambia, “Kaka, hebu nipitie dukani, uniletee mafuta ya ishirini.” Sikumfahamu. Kwetu mafuta ni dumu la lita 20 linalokaa nyuma ya mlango wa jikoni, likimiminwa kwa mkono hadi mkono uchoke. Nikaenda. Mwenye duka alikuwa na pipa la mafuta na vipimo vidogo vya plastiki, cha kumi, cha ishirini na cha hamsini. Akanipimia, nikarudi na kikombe mkononi nikikilinda kama dawa. Kwa mafuta hayo dada alipika mchuzi wa maharagwe na sukuma wiki ya watu watano, na kikombe hakikuisha.

Niseme kweli, siku ile ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kuyaona mafuta. Nilikuwa nimeyala miaka yote hiyo, lakini sikuwahi kuyaona. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori kama 120, na mtu huhitaji karibu nusu saa ya kutembea ili kuziunguza. Sasa nikaanza kupiga hesabu: viazi karai vya asubuhi, sambusa ya saa nne, wali uliokaangiwa kitunguu, samaki wa kukaanga, na juu ya yote tui zito. Mambo hayo hayana haja ya daktari wa ng'ambo. Ni kikombe tu.

Sukari nayo ilikuwa vivyo hivyo, ya kupimwa katika karatasi. Mimi nilikuwa mtu wa chai sita kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 18, yaani kama gramu 72 za sukari kabla sijagusa hamri wala sharubati. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na akiweza kuishia 25 ni bora zaidi. Usiku ule nililala nikiona haya, kwani kwa wiki moja nilikuwa nimemaliza sukari ya nyumba nzima ya dada yangu.

Lakini hapa nataka tusimame, maana kuna kosa ambalo nililikaribia mwenyewe. Nilianza kuwasifu watu wa Kibera mbele ya dada, kwamba wanakula kwa kipimo na ndiyo maana ni wepesi. Akaweka upawa chini. “Kaka,” akasema, “wewe unapunguza kwa hiari. Jirani yangu huyu anapunguza kwa kukosa. Usiyachanganye.” Na tena si kweli kwamba wote ni wepesi. Tembea Makina hadi Soko la Toi saa kumi na moja jioni uone kinachouzwa kwa bei ya chini kabisa: mandazi, chapati, chipsi, viazi karai, soseji za kukaanga, soda. Mwanamke aliyefua nguo za watu kutwa nzima hushibisha watoto kwa unga mweupe na mafuta kwa sababu ndicho kinachojaza tumbo kwa shilingi alizonazo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uliona kwamba asilimia 38.5 ya wanawake watu wazima wa Kenya wana uzito uliozidi, ilhali wanaume ni asilimia 17.5. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililoendesha kliniki Kibera kwa miaka mingi hadi 2017, lilikuwa likitibu kisukari na shinikizo la damu pamoja na maradhi mengine waliyoyaendea. Kwa hiyo tusidhani kitambi ni maradhi ya matajiri.

Nilichojifunza hapo ni kipimo, si ufukara. Na kipimo si kigeni kwetu. Qur'ani katika Suratul A'raf imetuamrisha kula na kunywa bila ya israfu, na hadithi ya Mikdam bin Maadikarib iliyopokewa na Tirmidhi inalizungumzia tumbo na theluthi zake, ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Nimeisomesha hadithi hiyo mara nyingi zisizo na idadi. Mara nyingine niliisomesha nikiwa nimetoka kwenye sinia, theluthi ya pumzi nayo imejaa pilau.

Jumapili nilikwenda Kawangware. Kutoka Makina unapanda hadi Barabara ya Ngong, unaifuata kuelekea Dagoretti Corner, kisha unashika Barabara ya Naivasha. Wiki za mwanzo nilipanda matatu. Wiki ya nne msongamano wa magari ulikuwa mkubwa hata nikashuka, nikaenda kwa miguu, nikafika nikitweta, lakini nikafika. Nikagundua kwamba sikuwa peke yangu: maelfu ya watu wa Kibera na Kawangware huenda kazini kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni, kwa sababu nauli ya matatu ndiyo unga wa usiku. Tangu siku hiyo nikawa natembea nusu ya njia, na baada ya miezi mitatu, njia yote.

Kawangware imebanana, imepakana na Lavington yenye bustani na mageti, na ukuta mmoja tu ndio unaotenganisha maisha mawili. Soko lake linamwagika mpaka barabarani. Akina mama wameketi wakikatakata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi kwa kisu kikali bila ya kuangalia mikono yao. Wengine wanauza managu, terere, kunde, nduma na viazi vitamu vilivyochemshwa. Mama mmoja karibu na msikiti aliuza githeri kutoka sufuria kubwa, mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu alfajiri. Mimi nilizoea kuiita githeri chakula cha bara. Nikala sahani moja saa nne asubuhi, na njaa haikunijia mpaka Alasiri. Hamri nne na chai ya maziwa zilikuwa hazinifikishi Adhuhuri. Baadaye muuguzi mmoja alinieleza sababu: maharagwe na mahindi mazima yana nyuzinyuzi na protini, huchelewa tumboni, ilhali unga mweupe na sukari huyeyuka upesi na kumwacha mtu akitafuta kingine.

Muuguzi huyo alikuwa mmoja wa wanafunzi wa darsa yangu. Siku moja aliomba robo saa baada ya somo. Mimi nilikaa upande wangu wa pazia. Nikasikia anagawa kamba za katani, akiwaambia akina mama kila mmoja apimwe na mwenziwe kutoka utosini hadi kisiginoni, aikate kamba, aikunje mara mbili, kisha aizungushe tumboni usawa wa kitovu. Kiuno kisizidi nusu ya kimo, akasema. Ncha zikikutana, alhamdulillahi, zisipokutana kuna kazi. Vicheko vilivyotoka huko nyuma ya pazia sijawahi kuvisikia katika darsa ya fikihi. Mara mtoto mdogo akapenyeza kichwa akaniletea kamba: “Mama wanasema na Sheikh ajipime.” Nikajipima. Pengo lilikuwa shubiri moja na vidole vinne. Nikaikunja kamba, nikaitia mfukoni mwa kanzu, na mpaka leo ninayo.

Baada ya vicheko muuguzi alisema jambo ambalo liliwanyamazisha. Mwanamke akikaribia kukoma hedhi, mafuta ya mwili huhama na kukaa tumboni hata kama hajaongeza chakula. Na mwanamume na mwanamke wote wawili, kuanzia makamo, hupoteza nyama za misuli kidogo kidogo, na misuli ikipungua mwili huhitaji chakula kichache kuliko zamani. Kwa hiyo mtu wa miaka hamsini anayekula kama alivyokula alipokuwa na thelathini ataongezeka bila ya kujua. Mama mmoja akauliza, “Basi tufunge kula?” La, akajibu, kwani anayejinyima ghafla hupoteza misuli hiyo hiyo anayoihitaji, anajitafutia mawe ya nyongo, na uzito humrudia mwaka haujaisha. Mwingine akakiri kwamba amenunua sokoni pakiti ya chai ya kukata tumbo, na alichopata ni kuhara siku tatu.

Mimi nikaanza na chai. Nusu kijiko kila baada ya wiki mbili. Kutoka vitatu nikaja viwili na nusu, nikangoja ulimi uzoee, kisha viwili. Ilinichukua karibu miezi miwili kufikia kijiko kimoja, na sikuona taabu hata siku moja, isipokuwa siku za baridi. Sasa nanywa kwa tangawizi na iliki tu, na nikipewa chai ya vijiko vitatu naiona kama shira. Mahamri nikayaachia Ijumaa. Siku nyingine ni nduma, au kiazi kitamu, au uji wa wimbi. Wali sikuuacha, siwezi kudanganya. Nilianza kujaza sahani kwa mboga na maharagwe kwanza, wali ukapata nafasi iliyobaki. Na chakula cha usiku huko huliwa baina ya Maghribi na Isha kwa kuwa watu wanaamka mapema, si kama sisi tunaokula saa nne na kulala juu yake. Baada ya kula, natembea kwenda kuswali Isha. Ni hayo tu, hakuna jingine nililolificha.

Kupungua kulikuja polepole hata nilidhani mizani ya duka la dawa la Makina ni mbovu. Mwezi wa kwanza, nusu kilo. Wa pili, kilo na robo. Kisha ikaja Ramadhani, nami nikidhani ndio mwezi wa mavuno, nikaongezeka kilo moja na nusu! Mchana nilifunga, jioni nikafuturu kwa sambusa, kaimati na tambi za sukari kana kwamba nalipa deni. Nayasema haya kwa sababu kuna wanaodhani funga peke yake inatosha. Funga ya Jumatatu na Alhamisi ilinisaidia kweli, lakini ni pale nilipofuturu kwa tende, maji na chakula cha siku zote.

Nilipoondoka Nairobi nilikuwa na kilo 96, yaani nimepunguza kilo nane kwa miezi minane. Nilikuwa nikiona ni kichache mpaka daktari wangu wa hapa Mombasa aliponieleza juu ya utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mpakani mwa kisukari kama mimi. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao, na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, kuliko hata waliopewa vidonge. Asilimia 7 ya kilo 104 ni kilo saba na ushei. Nilikuwa nimeshafika bila ya kujua kuna mstari. Daktari akaniusia jambo nami naliusia: anayetumia dawa za sukari au za presha asibadili chakula chake kabla ya kusema na anayemtibu, kwa sababu dawa ile ile kwa chakula kilichopungua huweza kuishusha sukari mpaka mtu akaanguka.

Mtihani mkubwa ulikuwa nyumbani. Nilirudi na kikombe cha plastiki kama cha Makina, nikakiweka jikoni, nikaanza kueleza. Mama watoto akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Miaka ishirini na minane nimekupikia ulivyopenda, na ukisifu. Leo umerudi na kikombe?” Alikuwa na haki. Sisi wanaume tuna tabia ya kuyalaumu mapishi ambayo tuliyaagiza wenyewe. Nikamwomba radhi, na siku kadhaa kikombe kikakaa pale hakuna aliyekigusa. Kisha siku moja nikamkuta anapimia nacho, hakusema neno, nami sikusema. Maharagwe na mchicha sasa anavipika kwa tui la pili, tui la kwanza analiweka kwa Ijumaa na wageni. Samaki tunachoma. Watoto walinung'unika wiki mbili wakasahau.

Mialiko haijaisha, na sijakataa hata mmoja. Naanza na kachumbari, nala upande wangu wa sinia, nazungumza sana, mkono unatulia. Hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuniuliza. Wanaouliza ni wale wa mtaani, kwa sababu kwetu mtu akinenepa amebarikiwa, na akikonda amepatwa. Kuna aliyemwendea mama watoto kumpa pole kwa siri. Nasikia kuna na aliyenisomea.

Sasa ni mwezi wa kumi na sita tangu jioni ile ya mafuta ya ishirini, nami nina kilo 90. Kiti bado kipo mwisho wa safu, anakikalia mzee mwingine mwenye nyonga iliyovunjika, na mimi nimerudi kusalisha Isha. Kamba ya Kawangware naijaribu kila mwanzo wa mwezi. Pengo limebaki vidole vinane. Juzi niliikosa mfukoni, nikaitafuta nyumba nzima. Nilimkuta nayo mama watoto na dada zake watatu chumbani, mlango umefungwa, wanacheka.